Mchango Uingie Wapi: Mwongozo kwa Asasi Ndogo

Bila shaka umeshaliona tangazo la mchango lenye namba sita. Juu kuna jina la asasi, katikati picha ya darasa lililoezuliwa paa, na chini msururu: M-Pesa ya mwenyekiti, Airtel Money ya katibu, akaunti ya benki, linki ya PayPal, Zelle ya ndugu aliyeko Texas, na mwisho kabisa "kwa maelezo zaidi mpigie mweka hazina". Aliyelitengeneza aliona anawarahisishia watu. Anayelisoma hajui namba ipi ndiyo yenyewe, anajiambia atauliza baadaye, na ikifika jioni tangazo limeshazama chini ya salamu za kundi la WhatsApp.

Mwongozo huu ni wa anayesimamia asasi ndogo Kenya au Tanzania: maktaba ya mtaa, kituo cha watoto, kamati ya kisima, madrasa, kikundi cha wazazi wa watoto wenye ulemavu. Huna idara ya fedha. Una mweka hazina anayejitolea, simu mbili, na pengine kompyuta moja ya kushirikiana. Ushauri wangu nautoa mapema: chagua njia mbili, zikizidi sana tatu, na unapozichagua usianze na makato. Anza na swali hili: fedha ikishaingia, nitajua imetoka kwa nani na ni ya kazi gani? Shilingi isiyo na jina itakula muda wa mweka hazina, italeta maneno kwenye mkutano mkuu, na itamfanya mtoaji ambaye hakushukuriwa asitoe tena. Hayo ni ghali kuliko asilimia yoyote utakayotozwa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua akaunti yoyote, fungua daftari. Waangalie watu 30 wa mwisho waliochangia. Wako wapi? Walitumia nini? Walitoa kiasi gani? Asasi nyingi hukuta makundi matatu. Wengi wako nchini, wana simu tu, na hutoa kidogo kidogo. Wachache wako nje, wana kadi. Halafu kuna wawili watatu wanaotoa fungu kubwa mara moja kwa mwaka, nao hutaka barua na risiti. Kila kundi lipe njia moja. Kama hakuna hata mmoja aliyeko nje, usijisumbue na kadi mwaka huu. Sehemu ya huko chini inayozungumzia kadi iruke.

Namba ya mwenyekiti iache kwa mwenyekiti

Najua kwa nini watu huanza na namba ya mtu. Ipo tayari, haina fomu, na mwenyekiti anaaminika. Tatizo halimo kwenye uaminifu wake. Laini ikipotea, mchango umesimama. Akiugua, hakuna mwingine mwenye namba ya siri, na akifariki, salio lililomo ni mali ya marehemu hadi familia na mahakama wamalizane. Fedha za asasi huchanganyika na za karo na za sokoni, na siku mtu akiuliza hesabu, mtu mwema anajikuta anajitetea kama mwizi. Kuna pia kikomo: nchini Kenya, tangu mwaka 2023, laini ya mtu binafsi ya M-Pesa haiwezi kubeba zaidi ya shilingi 500,000 wala kutuma zaidi ya 250,000 kwa mara moja. Kampeni ikishika kasi, michango itaanza kukataliwa siku ile ile unayoihitaji.

Namba ya asasi hufunguliwa kwa jina la asasi. Kwa kawaida utaombwa cheti cha usajili, namba ya mlipakodi, katiba, vitambulisho vya viongozi, na muhtasari wa kikao kilichoamua akaunti ifunguliwe na nani aweke saini. Huo muhtasari ndio hukwamisha wengi. Uandike vizuri tangu mwanzo: tarehe, waliohudhuria, jina kamili la asasi kama lilivyo kwenye cheti bila kupunguza hata neno, na majina ya wasimamizi watatu ambao wawili kati yao lazima waidhinishe kutoa fedha.

Kama kikundi chenu bado hakijasajiliwa, ziko huduma za vikundi kama M-Koba ya Vodacom Tanzania, ambako fedha hukaa kwenye akaunti ya kikundi na kuzitoa kunahitaji idhini ya zaidi ya mtu mmoja. Kenya kuna M-Changa, iliyoanza mwaka 2012 kwa ajili ya harambee hasa. Mchango hukusanywa chini ya jina la kampeni na wanaochanga huonekana. Ni daraja zuri la kuvukia huku usajili ukishughulikiwa.

Simu: hapa ndipo penye watu wako

Mwezi Julai 2011, ukame ulipowabana watu wa kaskazini mwa Kenya, kampeni ya Kenyans for Kenya ilifungua mlango wa mchango kwa simu, fedha zikienda Msalaba Mwekundu. Lengo la kwanza la shilingi milioni 500 lilivukwa, na sehemu kubwa ya walioitikia walikuwa watu wa kawaida wenye kidogo mkononi. Tangu hapo hakuna haja ya kubishana kama simu inafaa kwa mchango. Swali ni namba ya aina gani.

Kenya, duka hutumia namba ya till na shirika hutumia Paybill. Wanaoanza huvutiwa na till kwa sababu ni rahisi kuipata, anayelipa hakatwi, na anayepokea hukatwa nusu asilimia na ushei tu. Lakini till haina mahali pa mtoaji kuandika neno. Fedha inaingia, kisha basi. Paybill ina kisanduku cha "akaunti", na kisanduku hicho ndicho unachokilipia. Mtoaji anaandika KISIMA, au VITABU, au jina lake, na neno hilo linatokea kwenye taarifa yako pembeni ya kiasi. Umuhimu wake umeongezeka kwa sababu siku hizi sehemu ya namba ya simu ya anayelipa hufichwa kulinda taarifa zake, kwa hiyo usitegemee kuwatambua watu wako kwa namba zao.

Yachague maneno hayo mwenyewe, yawe machache na mafupi. Ukimwachia mtoaji aandike apendavyo, utapata "mchango", "wa kisima", "kisma", "kwa ajili ya wale watoto" na "amina". Tangazo liseme hivi: Paybill, kisha namba, Akaunti: andika KISIMA. Hakuna zaidi. Ukitaka kujua kundi lipi limechanga, ongeza tarakimu: KISIMA1 ni wazazi, KISIMA2 ni waliosoma hapo zamani, KISIMA3 ni msikiti au kanisa. Mweka hazina akipakua taarifa ya mwezi na kuipanga kwa safu hiyo, kazi iliyokuwa ikimla Jumamosi nzima huisha kabla chai haijapoa.

Tanzania, utakutana na Lipa Namba za mitandao: M-Pesa, Mixx by Yas ambayo wengi bado huiita Tigo Pesa, Airtel Money na HaloPesa. Zamani mwenye mtandao mmoja alisumbuka kumlipa mwenye mtandao mwingine, ndiyo maana matangazo ya mchango yalijaa namba nne. Mfumo wa malipo ya papo kwa papo wa Benki Kuu, TIPS, umeunganisha mitandao na benki, na sasa namba moja inaweza kupokea kutoka kwingi. Muulize anayekuuzia huduma maswali mawili bila kuona haya: mtu wa mtandao mwingine atalipaje namba hii, na je, nitaona jina lake au kumbukumbu aliyoandika? Akijibu la pili kwa kigugumizi, nenda kwa mwingine. Kampuni zinazounganisha malipo, kama Selcom na Pesapal, huweza kukupa ukurasa mmoja unaopokea mitandao yote pamoja na kadi, kila malipo yakiwa na jina na sababu. Makato yao huwa juu kidogo ya Lipa Namba ya kawaida, na kwa asasi yenye miradi zaidi ya mmoja naona yanastahili.

Kuna jambo dogo linalopoteza michango mingi kimyakimya. Kabla malipo hayajakamilika, simu humwonyesha mtoaji jina la anayelipwa. Wewe mtaani unajulikana kama Maktaba ya Bi. Zuhura, tuseme, lakini cheti kinasema jina refu la Kiingereza lenye maneno "Community Development Initiative", au linatokea jina la kampuni ya malipo ambayo mtoaji hajawahi kuisikia. Kwa jinsi watu walivyochoshwa na matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wengi hubonyeza sitisha na kuondoka, na hawakwambii. Dawa yake ni mstari mmoja kwenye tangazo: "Jina litakalotokea ni ..." kisha uliandike herufi kwa herufi kama linavyotokea. Lijaribu kwanza kwa simu yako, usiandike kwa kukumbuka.

Sasa makato. Kwenye Paybill unaweza kuchagua nani akatwe: mtoaji, asasi, au mgawane. Maoni yangu ni kwamba asasi ibebe kwa michango midogo. Mtu anayetoa shilingi 100 asikute ameongezewa ya kukatwa. Hatosema kitu, ila mwezi ujao hutamwona. Kwa michango mikubwa, mwombe tu. Wengi wakiulizwa kwa adabu "ungependa kuongeza kidogo ili mchango wako ufike mzima?" huongeza.

Na serikali nazo zina mkono wake. Uganda mwaka 2018 iliweka kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya simu, ikapigiwa kelele, ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kubakizwa kwenye kutoa fedha. Tanzania ilileta tozo ya miamala Julai 2021, ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, kisha Septemba ikaipunguza kwa asilimia 30. Kenya mwaka 2023 ushuru wa bidhaa juu ya ada za kutuma fedha ulitoka asilimia 12 ukawa 15. Viwango hivi huweza kubadilika kila bajeti ya Juni, kwa hiyo usivichore ukutani. Kinachofaa kushika ni tabia: fedha za asasi zisitolewe kwa wakala zikawa noti. Zihamishie benki moja kwa moja kutoka kwenye namba ya asasi, mara moja kwa wiki, kisha mlipe fundi na duka la vifaa kwa benki au kwa namba zao za malipo. Unapunguza tozo za kutoa, na kila hatua inaacha alama.

Walioko nje

Mwaka 2023 Wakenya walioko nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4. Sehemu kubwa ni ya mama, karo na kiwanja, lakini ndimo ulimo pia mchango wa shule waliyosoma. Watu hawa wana moyo. Wanachokosa ni mlango unaofunguka kwa kile walichonacho mkononi, yaani kadi ya benki au programu ya simu ya nchi wanayoishi.

Jambo la kwanza la kujua: sehemu kubwa ya ushauri wa Kiingereza kuhusu kupokea michango mtandaoni imeandikwa kwa ajili ya asasi za Marekani. Utaambiwa ufungue akaunti ya Stripe, huduma ya kupokea malipo ya kadi, uibandike kwenye tovuti, umalize. Stripe haifungui akaunti moja kwa moja kwa asasi iliyosajiliwa Kenya au Tanzania. Inahitaji chombo kilichosajiliwa katika nchi inazohudumia. PayPal Kenya hupokea, na fedha hutolewa kupitia benki ya Equity au M-Pesa, ila ukubali kwamba kiwango cha kubadilisha dola chao si kile utakachokiona benki. Kwa asasi nyingi njia inayotembea ni kampuni za malipo zinazofanya kazi huku huku, kama Pesapal, DPO, Flutterwave na, kwa Kenya, Paystack, ambazo hupokea kadi za nje na kukulipa kwenye akaunti yako ya benki.

Unapolinganisha bei zao, usisome asilimia peke yake. Tazama kama kuna kiasi kisichobadilika kinachokatwa kila mara, maana hicho ndicho kinachowaumiza wenye michango midogo. Chukua bei ya kawaida ya Stripe Marekani: asilimia 2.9 pamoja na senti 30. Mchango wa dola 100 hukatwa dola 3.20. Mchango wa dola 5 hukatwa karibu senti 45, yaani asilimia 9. Mtu yule yule akitoa dola 60 mara moja kwa mwaka badala ya dola 5 kila mwezi, makato yanatoka zaidi ya dola 5 hadi kama dola 2. Hesabu kama hii ifanye kwa bei ya kampuni unayoongea nayo, ukitumia kiasi ambacho watu wako hutoa kweli na si kile unachokiota.

Kisha uliza fedha hubadilishwa lini na kwa kiwango gani. Kampuni inaweza kujisifu kwa asilimia 3 halafu ikachukua nyingine 3 kwenye kubadilisha dola kuwa shilingi, na hiyo ya pili haitokei kwenye risiti yoyote. Njia ya kuiona ni kuchukua kiasi kilichoingia benki, kukigawanya kwa dola zilizotolewa baada ya makato, na kulinganisha na kiwango cha Benki Kuu cha siku hiyo. Kama una akaunti ya dola na fundi wako hahitaji kulipwa leo, omba ulipwe kwa dola ubadilishe mwenyewe.

Kutuma benki kwa benki kimataifa kuache kwa mafungu makubwa. Benki ya Marekani hutoza anayetuma kiasi cha kati ya dola 25 na 50, na benki ya katikati nayo hunyofoa chake njiani. Kwa dola 5,000 hilo halionekani. Kwa dola 100 ni hasara tupu. Mtoaji mkubwa akikwambia anatuma, mwombe kwenye fomu achague OUR, maana yake ada zote ni za anayetuma, la sivyo kiasi kitakachofika hakitalingana na barua ya ahadi na mkaguzi atakuuliza.

Kuna njia ya kienyeji ambayo naipenda kuliko nyingi: walioko Minneapolis, Houston au Reading wachange wao kwa wao kwa kile wanachotumia kila siku, Zelle au Cash App kwa Marekani, uhamisho wa kawaida wa benki kwa Uingereza, kwa mtu mmoja waliyemchagua, kisha yeye atume fungu moja kila baada ya miezi mitatu pamoja na orodha ya majina. Makato hulipwa mara moja badala ya mara 40. Sharti ni kwamba mtu huyo awe na barua ya asasi inayomtambua, orodha ije siku ile ile ya fedha, na risiti ziende kwa kila mchangiaji, asitajwe yeye peke yake kama ndiye aliyetoa.

Watoaji wengine watakuuliza kuhusu nafuu ya kodi. Jibu kwa ukweli: Mmarekani hupata nafuu hiyo akitoa kwa shirika lenye hadhi ya 501(c)(3) huko kwao, na Mwingereza humwongezea mpokeaji asilimia 25 ya mchango kupitia Gift Aid kama mpokeaji ni shirika la hisani linalotambuliwa Uingereza. Asasi yako ya Tanga au Kisii haimo humo. Unaweza kupita mgongoni mwa shirika lililomo. GlobalGiving, iliyoanzishwa na watu wawili waliotoka Benki ya Dunia, hufanya kazi hiyo kwa asasi za nchi nyingi, ikichunguza nyaraka zako kwanza na kuchukua sehemu ya kila mchango. Sehemu hiyo ni kubwa kuliko ya kampuni ya malipo. Inalipa ikiwa unao watoaji wa kutosha wanaojali kodi, na haina maana ikiwa ni binamu wawili wa Leeds.

Na walioko Ghuba waonye mapema. Falme za Kiarabu zina sheria ya mwaka 2021 inayosimamia ukusanyaji wa michango, na mtu binafsi anayesambaza tangazo la kuchangisha akiwa Dubai anaweza kujikuta matatani hata kama nia yake ni kuchimba kisima Pemba. Oman nayo haipendi michango ya umma isiyo na kibali. Ndugu aliyeko huko akupe chake mwenyewe, kwa jina lake, kupitia kampuni ya kutuma fedha iliyo halali. Usimgeuze mkusanyaji wako.

Usiku wa dola moja moja

Ukishaweka ukurasa wa kadi, siku moja utaamka ukute michango 70 iliyoingia kati ya saa nane na saa kumi usiku, kila mmoja dola 1, majina ya ajabu ajabu, mingi imekataliwa na michache imepita. Usishangilie. Wezi wa kadi hupenda kurasa za asasi kwa sababu hazina bidhaa ya kusafirisha na hukubali kiasi chochote. Wanazitumia kujaribu namba walizoiba, ili ile inayopita waende kuinunulia simu mahali pengine. Baada ya wiki chache wenye kadi hulalamika kwenye benki zao, fedha hurudishwa, na wewe unatozwa ada kwa kila lalamiko. Kwa dola 1 uliyopokea unaweza kulipa 15.

Kinga yake si ngumu. Weka kiwango cha chini cha dola 5. Washa hatua ya kuthibitisha kadi kwa ujumbe wa benki. Omba kampuni ya malipo iweke kile kipimo cha kuthibitisha kwamba anayelipa ni binadamu. Na ikishatokea, rudisha fedha zote za usiku ule mwenyewe, siku hiyo hiyo, kabla wenye kadi hawajalalamika. Kurudisha kwa hiari ni nafuu kuliko kulalamikiwa.

Kila mwezi

Mtoaji wa kila mwezi ni bora kuliko wa mara moja, hata akitoa kidogo, kwa kuwa mshahara wa mwalimu ni wa kila mwezi. Kwa kadi ni rahisi, mashine inakata yenyewe. Kwa simu ilikuwa shida hadi hivi karibuni; Safaricom ilileta M-Pesa Ratiba mwaka 2024, ambayo humwezesha mtu kujipangia malipo yajirudie kwa siku anayotaka. Mwelekeze siku hiyo iwe karibu na mshahara, tarehe 28 hadi tarehe 2. Pale ambapo huduma kama hiyo haipo, SMS ya ukumbusho yenye namba na neno la akaunti inatosha. Iandikwe na mtu anayejulikana, isiwe ile ya "Mpendwa mfadhili".

Zaka isikae na sadaka

Kwa madrasa, misikiti na asasi zinazopokea kwa Waislamu, hili huamuliwa kabla ya namba kuchapishwa. Zaka ina mafungu manane ya wanaostahiki, yametajwa katika Sura ya Tawba, na haimalizii rangi ya ukuta. Sadaka ina uwanja mpana. Zikiingia pamoja bila alama, hutaweza kuzitenganisha tena. Kwenye Paybill tumia neno ZAKA na neno SADAKA. Kwa Lipa Namba isiyo na kumbukumbu, chukua namba mbili. Makato ya zaka yalipwe kutoka kwenye sadaka au na mtoaji mwenyewe, mpaka imamu wenu awape jibu lingine. Makanisa yenye fungu la kumi na mchango wa jengo yana shida ile ile kwa jina jingine.

Orodha ya WhatsApp na ofisi ya msajili

Desturi yetu ni kubandika orodha: 1. Mama Asha 10,000, 2. Mzee Komba 5,000, na kadhalika. Inachochea, sikatai. Lakini Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na zaidi ya sheria, kuna mtu aliyetoa kwa siri kwa sababu anadaiwa mahali. Muulize kabla ya kumtaja, na kamwe usibandike picha ya SMS ya malipo yenye jina kamili, namba na salio lako.

Kuhusu vibali, Kenya bado ina Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, inayodai kibali kwa anayechangisha kwa umma. Pita kwenye ofisi ya serikali inayotoa kibali hicho ujue kama kampeni yako inaguswa, usidhani kuhamia mtandaoni kumekusamehe. Tanzania, kanuni za NGO za mwaka 2018 zilizitaka asasi zinazopata fedha zaidi ya shilingi milioni 20 zitangaze hadharani matumizi yake, na mikataba ya fedha hizo ipelekwe Hazina na kwa Msajili ndani ya siku 10. Ukiwa umeshatenganisha KISIMA na VITABU tangu siku ya kwanza, taarifa hiyo unaichapa tu.

Kabla ya kuchapisha bango

Jaribu kila mlango kwa fedha yako. Tuma shilingi 1,000 kutoka kila mtandao, na umwombe ndugu aliyeko nje atoe dola 5 kwa simu yake, asitumie kompyuta, kwa kuwa watu wengi hutoa kwa simu. Andika saa aliyotuma, saa SMS ilipofika, siku fedha ilipoingia benki, kiasi kilichobaki, na kama jina lilionekana. Mlango uliokwama au uliokosa jina usichapishwe. Ukishaupa watu, kuwanyang'anya ni kazi, kwa sababu bango la zamani huendelea kusambazwa miaka baada ya wewe kulisahau.

Halafu funguo. Nywila za ukurasa wa malipo, laini iliyosajiliwa na barua pepe inayopokea taarifa viwe vya asasi: barua pepe ya mweka hazina kama cheo, si ile ya binti yake. Watu wawili wawe na uwezo wa kuona, wawili tofauti wa kuidhinisha. Siku uongozi unapobadilika, kubadilisha wasimamizi kwenye benki na kwenye kampuni ya simu kuwe ajenda ya kikao kile kile cha makabidhiano, na muhtasari uandikwe na kupigwa mhuri kabla watu hawajaenda kula.